Makufuli Matatu ya Duka la Vyondo

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisini walinipa keki yenye umbo la kompyuta, tena ile ya kubeba mkononi, ambayo mimi nimeitumia miaka ya mwisho tu na bado naigombeza. Baada ya keki wakaniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi ilivyokuwa zamani. Nikawaambia sina la kuandika kuhusu vyeo, maana vyeo vilinipita vikiwa na haraka zao, na mshahara wetu mnaujua. Lakini niliyoyagusa kwa mikono hii nitayaandika. Mtanivumilia nikikasirika, kwa sababu kuna mambo ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naweka kikombe cha chai chini kwanza.

Mimi ni mtu wa Kiirua. Nilikuja Embu mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na cheti changu cha kompyuta kwenye bahasha ya khaki, nikaajiriwa katika ofisi ndogo iliyokuwa juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Tulichapa barua, tulitoa nakala, tulifundisha watu kuchapa, na tulitengeneza kompyuta chache zilizokuwa mjini. Ndiyo maana kila mtu aliniita Mwalimu, hata waliokuja kutoa nakala ya kitambulisho tu. Mwenye ofisi alikuwa Mzee Ireri, fundi wa simu aliyeacha kazi ya serikali mapema. Alikuwa mpole kupita kiasi. Hakuwahi kuniambia nimekosea. Aliniambia, "Hebu angalia tena, Kagendo," na hiyo iliuma zaidi.

Siku ya kwanza alinipa bisibisi na kompyuta iliyoletwa kutoka shule moja, imekataa kuwaka. Nikaifungua. Ndani mjusi amejikunja juu ya boksi la umeme, amekufa kitambo, na kando yake makombo ya mandazi. Nikaanza kulalamika: watu gani hawa wanaolisha kompyuta mandazi? Mzee Ireri akachungulia, akasema, "Ukimaliza kukasirika, tafuta alipoingilia, uzibe." Nyuma kulikuwa na tundu lililokosa kifuniko. Nikaliziba kwa kipande cha bati. Kompyuta ile ilifanya kazi miaka, na sikuwahi kujua mandazi yalikuwa ya nani.

Modemu ilipofika, Mzee Ireri alinifundisha kuisikiliza. Ninyi hamjui sauti hiyo. Unapiga simu kwa mtandao, modemu inalia, inakoroma, inapiga mluzi, na ukijua kusikiliza unatambua mapema kama itashika au inakupotezea wakati. Mvua ikinyesha mlimani laini inakwaruza. Duka la chini wakiinua simu yao ya ndani, na wao walikuwa kwenye laini ileile yetu, mtandao unakatika. Nilishuka ngazi zile kuwagombeza mpaka yule muuza mbegu akawa ananikaribisha chai kabla sijafungua mdomo.

Sasa nifike kwenye duka. Mwishoni mwa miaka hiyo kulikuwa na kikundi cha akina mama wa upande wa Mbeere, wasusi wa vyondo, vile vikapu vya mkonge. Mgeni mmoja aliyekuja kujitolea aliwatengenezea tovuti ya kuuzia vyondo ng'ambo, akapigwa picha nyingi, akarudi kwao, na sisi tukaachiwa kulea mtoto. Tovuti yenyewe ilikaa kwenye seva Marekani. Mtu wa Ulaya anaona picha, anachagua kiondo, anajaza oda, oda inatufikia kwa barua pepe, tunaichapa, akina mama wanasuka, kiondo kinaenda posta. Ndiyo hayo tu. Lakini kwa wanawake waliozoea kungoja broka aje na bei yake mdomoni, lilikuwa jambo kubwa. Walikuwa wakija ofisini siku ya soko kuangalia duka lao kwenye skrini, wanapangusa kioo kwa leso.

Viongozi walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Mama Nyaga, sauti kubwa, hatua kubwa, mtu wa kuamua kabla hujamaliza swali. Katibu alikuwa Wambeti, mwalimu wa shule ya msingi. Mweka hazina alikuwa Ciambaka, mjane wa karibu na Siakago, mkimya, na hakuna aliyemshinda kusuka. Mama Nyaga na Ciambaka ndio waliokianzisha kikundi, wakiwa wawili tu na mkonge wao, na walijuana tangu wakichunga mbuzi pamoja.

Kikundi kilikuwa na sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Vikundi vingi vya huku vilikuwa hivyo: makufuli matatu, watu watatu, kila mmoja na ufunguo wake shingoni, ili asifungue mtu peke yake. Basi nilipowaeleza kwamba duka lina neno la siri, wakatoka nje kujadiliana, wakarudi na uamuzi. Neno litakatwa vipande vitatu. Kila kiongozi ana kipande chake kichwani, haandiki popote, hamwambii mtu, wala mimi.

"Mama," nikamwambia Mama Nyaga, "kompyuta si sanduku."

"Mwalimu, kitu chochote kinachofungwa ni sanduku."

Nikamtazama Mzee Ireri anisaidie. Akainua mabega. "Duka ni lao," akasema.

Jameni, ninyi hamjui mateso. Kubadilisha picha moja ya kiondo ilibidi niwaite wote watatu. Wanakaa kwenye benchi. Ninapiga simu, modemu inalia, inashika. Tunageuka wote kuelekea ukutani, mimi pia, fundi mzima, naangalia kalenda ya dawa za kupe. Wambeti anachapa kipande chake haraka, ni mwalimu. Mama Nyaga anafuata, kidole kimoja, anatafuta kila herufi kana kwamba nimezificha makusudi. Akifika Ciambaka, seva ya Marekani imeshachoka kungoja, imekata. Tunaanza upya. Nikisema nichape mimi, wananiangalia kama mwizi.

Asubuhi moja nikafungua duka kulikagua. Skrini ikawa nyeusi. Katikati fuvu la mtu, linacheka, na chini yake maneno ya lugha nisiyoijua. Vyondo vyote vimeondoka. Siku hizi mnasema duka limedukuliwa, mnakunywa maji, mnaanza kazi. Siku zile hatukuwa hata na neno lake. Na kumbukeni miaka ile ilikuwa ya habari za kuabudu shetani. Kila mahali watu wanasimulia nani amejiunga, nani ameonekana na pete gani. Sasa fuvu kwenye tovuti ya akina mama wanaokutana katika ukumbi wa kanisa! Habari ilifika Siakago kabla mimi sijashuka ngazi. Wazee wa kanisa wakasema ukumbi utafungwa mpaka ijulikane akina mama hawa wanamtumikia nani.

Mama Nyaga alikuja akihema. "Mwalimu, toa hicho kichwa."

"Nitakitoa. Lakini kwanza nijue kimeingia wapi."

"Wazee wanakuja kuangalia wenyewe. Toa kwanza, mengine baadaye."

"Mama, nikirudisha duka bila kujua alipoingilia, atarudi."

"Mwalimu! Toa!"

Nilikuwa na nakala ya duka zima kwenye disketi, nimezipanga kwenye kopo la biskuti. Huo ni ushauri wangu wa bure kwenu: wekeni nakala, na mzijaribu kama zinafunguka, maana disketi moja kati ya zile ilikuwa imekula unyevu na nikalazimika kuandika upya kurasa zake kwa mkono. Tukageuka ukutani, tukafungua, nikarudisha vyondo. Wazee wakaja na kofia zao mikononi, wakaangalia picha moja moja, wakaridhika. Mama Nyaga akanipiga bega. "Si unaona?"

Baada ya siku chache nikafungua tena. Mafuvu yalikuwa mawili.

Nilipiga meza mpaka kibodi ikaruka. Nilikasirika hadi nikawa nacheka. Mzee Ireri akaniletea chai, akaiweka mbali na mkono wangu.

Viongozi wakakutana pale ofisini. Wambeti amekunja mikono. Ciambaka anasuka, kama alivyozoea katika kila kikao, kiondo mapajani. Mama Nyaga hakukaa.

"Sanduku likikutwa wazi," akasema, "unaangalia nini kwanza? Unaangalia makufuli. Yakiwa yamevunjwa, ni mwizi. Yakiwa mazima, ni mwenye ufunguo. Mwalimu, kuna kitu kimevunjwa?"

"Haiko hivyo, Mama. Kompyuta—"

"Nakuuliza. Kuna kilichovunjwa?"

Nikasema hakuna ninachokiona. Ningejua angelifanyia nini jibu hilo, ningejing'ata ulimi.

"Basi limefunguliwa. Na kati yetu watatu, ni nani ana kijana anayesomea kompyuta Nairobi?"

Mkono wa Ciambaka ukasimama juu ya mkonge. Kijana wake wa pekee alikuwa chuoni Nairobi, na kila mmoja wetu pale alikuwa amempongeza.

"Mama Nyaga," akasema polepole, "ni mimi unaniambia?"

"Sijataja mtu."

"Umetaja mtoto."

"Wanachama watakaa Jumamosi. Wao ndio wataamua nani abaki na nani afutwe. Siwezi kuficha kitu ambacho kanisa lote linakijua."

Ciambaka hakulia wala hakugomba. Alitoa ufunguo wa sanduku shingoni, akauweka juu ya kibodi yangu, akachukua kiondo chake, akaondoka. Nilitaka kumrukia Mama Nyaga, kusema kweli. Kufutwa kwenye kikundi kwa sababu ya shetani! Mjane, kijijini! Baada ya hapo nani angemwazima hata chumvi?

Nikampigia simu mtu niliyesoma naye, aliyekuwa akitunza tovuti Nairobi. Akaniuliza tunatumia programu gani kupokea oda. Nikamtajia ile aliyotuwekea mgeni wetu, ya bure.

"Ai! Kagendo! Hiyo ina shimo, kila mtu anajua. Anayeingia hahitaji neno la siri. Anaandika anwani kwa namna fulani, seva yenyewe inamkaribisha ndani. Badilisha hiyo programu, halafu angalia rekodi za seva, utamwona alivyopita."

Kila mtu anajua! Kila mtu isipokuwa sisi. Nilimlaani mgeni wetu na picha zake zote. Halafu nikatulia, kwa sababu sasa nilikuwa na jibu: hakuna aliyetoa neno la siri. Rekodi zingeonyesha hivyo mbele ya mtu yeyote anayejua kusoma.

Lakini rekodi zilikuwa ndani ya seva. Na kuingia ndani ya seva kulihitaji vipande vitatu. Niliwaandikia wenye seva wanipe neno jipya. Wakajibu kwamba wanataka barua yenye saini za viongozi wote watatu. Kwa hiyo hata huko njia ilipita kwa Ciambaka.

Nikamwendea Mama Nyaga. Nikamweleza kwamba mlango haukuguswa, kwamba kulikuwa na dirisha nyuma ambalo hatukujua lipo.

"Hayo ni maneno ya kompyuta. Nionyeshe."

"Ili nikuonyeshe, lazima Ciambaka aje afungue."

Akaangalia pembeni. "Basi nenda wewe ukamwite. Mimi siendi."

Mzee Ireri alinipeleka na pikapu yake. Tulimkuta Ciambaka uwanjani, anapepeta ndengu. Nikamsalimu, nikaanza kueleza mambo ya shimo na programu. Akanisikiliza kidogo, akanipa ungo mwingine. Basi nikapepeta. Duka limekufa, Jumamosi inakuja, na mimi nimesimama juani Mbeere natoa makapi, vumbi machoni. Mzee Ireri amekaa kwenye kigoda anakula ndizi, ameridhika kabisa. Nikimaliza ungo mmoja naongezewa mwingine.

"Walisema nimeleta shetani," akasema mwishowe. "Sasa wanataka aje awafungulie?"

"Mama, mimi sijasema hivyo. Nataka wote waone kwamba si wewe."

"Wewe utawaonyesha. Lakini yeye angepaswa kujua bila kuonyeshwa."

Nilisema tu kwamba Jumamosi watamfuta jina, na jina likishafutwa nani atalirudisha. Akamwaga ndengu kwenye gunia, akalifunga.

"Nitakuja kesho," akasema. "Lakini hakuna mtu kugeuka ukutani. Mtakaa mniangalie."

Kesho yake walikuja wote. Mvua ilikuwa inatishia, laini inakwaruza, nikawa nimeshuka chini mapema kumwambia muuza mbegu kwamba leo akigusa simu tutaonana vibaya. Wambeti na Ciambaka walisalimiana kwa mkono. Mama Nyaga alisema, "Habari zenu," kwa wote kwa pamoja, akasimama karibu na kalenda.

Modemu ikalia, ikashindwa. Nikapiga tena, ikashindwa. Mara ya tatu nikasikia mlio mzuri, ikashika. Wambeti akachapa kipande chake. Mama Nyaga akaja na kidole chake kimoja, akafunika kibodi kwa mkono mwingine, hata siku hiyo, herufi, herufi, herufi. Nilikuwa nikihesabu pumzi zangu. Akamaliza, akarudi alipokuwa amesimama, akageukia ukutani kwa mazoea.

"Haya, Mama," nikamwambia Ciambaka. "Haraka, tafadhali, itakata."

Hakusogea. "Andika wewe, Mwalimu. Mimi nataja."

"Usitaje! Si ndiyo maana linaitwa la siri?"

"Siri gani tena? Si imesemwa niliitoa? Basi leo naitoa mkisikia."

"Mama, itakata!"

"Marigu," akasema.

Nikapeleka vidole kwenye kibodi. Akili yangu yote ilikuwa kwenye laini. "Herufi ya kwanza kubwa au ndogo?" nikauliza kwa ukali.

"Kubwa. Ni jina la mtu."

Nikachapa. Ikafunguka. Nikapiga makofi peke yangu, nikaanza kushusha zile rekodi, na kabla hazijaisha nilishaona. Mstari baada ya mstari, mvamizi ameingia kupitia programu ya oda, anatoka, anarudi, na hakuna hata mahali pamoja alipoulizwa neno la siri. Ndizo kurasa ambazo Wambeti aliwasomea wanachama Jumamosi, na wakaufunga mjadala bila kumfuta mtu. Lakini pale ofisini nilikuwa sijafika Jumamosi. Nilikuwa nimejaa ushindi.

"Mama Nyaga, njoo uone! Hapa ndipo alipopita. Njoo!"

Hakuja. Nikaita tena. Wambeti akanishika mkono, akaninong'oneza sikioni, "Mwalimu, wacha. Marigu ni yeye."

Miaka yote niliyomjua, sikuwahi kusikia mtu akimwita jina lake. Alikuwa Mama Nyaga, alikuwa Mwenyekiti. Nikageuka kumtazama. Bado alikuwa ameelekea ukutani, na mgongo wake ule mkubwa ulikuwa unatikisika.

"Ciambaka," akasema bila kugeuka. "Jumamosi nitasimama mimi mwenyewe niwaambie. Na hilo neno msilibadilishe. Liacheni hilohilo."

Nikasema haiwezekani. Neno likishatajwa mbele ya watu ni lazima libadilishwe, ndiyo kanuni, na bado nilikuwa na ile programu yenye shimo ya kubadilisha kabla ya mvua.

"Najua, Mwalimu," Ciambaka akasema, akikusanya mkonge wake. "Nimeshapata lingine."